Bati la Ndege ya Kijapani

Jumanne, 2 Februari 1960. Likoni.

Siku ya tisa bila mke. Chai imeungua. Sijui chai inaunguaje, lakini imeungua. Sufuria nimeiloweka pamoja na ile ya jana na ile ya juzi.

Niandike ukweli hapa ili uwe mahali pamoja. Mwanatabu hakuondoka kwa sababu niliuza cherehani yake. Aliondoka kwa sababu alijua mapema mno. Ningepata mwezi mmoja zaidi, miavuli ingekwisha, ningenunua cherehani mpya, naye angepewa habari na kitu chake kwa pamoja. Kwa muda huo nilimwambia cherehani iko kwa fundi. Wiki tatu ilikuwa kwa fundi. Kisha akaenda kwa fundi.

Miavuli ni mia moja na ishirini, myeusi, mipini ya mti. Kila mtu hununua mwavuli mvua ikishaanza. Mimi nikanunua kabla, kwa fedha za cherehani. Nilichosahau ni kwamba kabla ya mvua kuna kaskazi, na kaskazi ya mwaka huu haina hata wingu la kusingizia. Makasha yamejaa mpaka chini ya kitanda.

Leo adhuhuri nikiwa ghalani (mimi ndiye karani wa mizani katika ghala la mbata za nazi) alikuja Lewa mvuvi na kitu ndani ya kikapu. Kilikwama kwenye dema lake la samaki huko mwambani, Shelly Beach. Ni kama bakuli kubwa lililochongoka kitakoni, upana wa sinia, kimeota chokaa na kome kote. Chepesi ajabu! Lewa alisema huenda ni kipande cha ndege ya vita, maana babake aliwahi kuona ndege ikianguka upande ule. Kisha akasema huenda babake aliona mwewe.

Nimekinunua kwa miavuli miwili. Lewa aliuliza ataufungulia wapi mwavuli baharini. Nikamwambia ampe mkewe. Hana mke. Basi ana miavuli miwili.

Nimepata mpango.

Jumatano, 3 Februari.

Nimekwenda kwa Bwana Linton. Huyu ni mzee wa Kiingereza, mjane, zamani wa manowari, nyumba yake iko juu kidogo ya Shelly Beach. Baraza yake imejaa vyuma vya vita: maganda ya mizinga, kofia, dira isiyoonyesha kaskazini. Vyote ana karatasi zake, kimetoka wapi, kimeokotwa na nani.

Alikigeuza kitu changu, akakigonga kwa kucha. Akasema ni bati la ndege, hilo halina shaka. Kisha akasema swali ni ndege ya nani. Ikiwa ya Mwingereza, hana haja nacho, kwa kuwa wakati wa vita vipande kama hivyo vilitupwa kwa mamia huko uwanja wa ndege wa Port Reitz, na kuku wa watu walilalia mayai humo. Lakini ikiwa ya Mjapani! Hapo sauti yake ilibadilika. Alisema manowari zilipokuwa Kilindini kila mtu alimngoja Mjapani na Mjapani hakutokea. Yeye mwenyewe alimngoja miaka miwili kwa darubini. Akithibitishiwa kwamba Mjapani alifika japo mara moja, atatoa chochote kilichomo nyumbani mwake.

Nikatupa jicho mlangoni. Pembeni ya kabati kuna cherehani ya marehemu mkewe, imefunikwa kitambaa cha maua.

Nikauliza kama chochote ni pamoja na ile. Akasema ni pamoja na ile. Tumeshikana mikono. Jumamosi ya wiki ijayo nilete kitu na ushahidi.

Sina shaka hata kidogo kwamba ni ya Mjapani. Tangu saa nne asubuhi sina shaka.

Alhamisi, 4 Februari.

Nimeomba ruhusa ghalani, nimetaja tumbo. Nimekaa uani nikikisugua kwa mchanga na kifuu. Matokeo ni makubwa kuliko nilivyotarajia.

Kwanza, ndani kumeungua. Weusi umeingia mpaka kwenye madini yenyewe. Ndege ilishika moto angani. Halafu pale kitakoni palipochongoka pana tundu, upana wa kidole gumba, limezibwa kwa kiraka cha bati na misumari minne. Risasi! Ilipigwa, wakaziba upesi, ikaruka tena, ikapigwa, ikaungua. Masikini watu wale.

Na la tatu ndilo limenifanya nisimame. Kwenye ukingo, upande wa nje, pana maandishi. Yamechomwa kwa ncha kali, kitone kwa kitone: umbo la mwezi mchanga, chini yake nukta tatu. Si Kiingereza. Si Kiarabu, maana Kiarabu nakisoma. Si Kihindi, maana nimemwonyesha Mhindi wa dukani. Limebaki taifa moja.

Ngowa alichungulia juu ya ua. Ngowa ni jirani yangu, mtu wa Rabai, baharia wa feri, kazi yake kufunga na kufungua kamba. Alikitazama kwa muda, akasema kwake yeye kinafanana na kifuniko.

Kifuniko! Na kati ya watu wote, yeye ndiye aseme neno kifuniko. Mwaka 1948, mimi nikiwa bwana harusi wa mwaka mmoja, Bi Mwanakheri mkwe wangu aliazimisha vyombo vyake kwa arusi ya ng'ambo, kisiwani. Nilitumwa kuvirudisha. Vilirudi vyote ila kifuniko kikubwa cha sufuria ya pilau, ambacho Bi Mwanakheri alikipenda kuliko baadhi ya watoto wake. Ngowa ndiye aliyekuwa akipokea mizigo kwenye feri siku ile. Nilisema huenda anacho Ngowa. Nilisema huenda. Watu ndio waliolitoa lile neno huenda. Yeye akajitetea kwa kuapa kwamba alikiona kikielea kwenda zake baharini. Bati kuelea! Likoni nzima ilicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Tangu hapo Bi Mwanakheri hajaitikia salamu yake, na hakuna mwenye arusi anayemwachia chombo.

Sitaki kuandika mengi juu ya jambo hilo.

Jumamosi, 6 Februari.

Changamwe. Feri, kisha basi, kisha vumbi la malori ya mafuta. Nilibeba kitu ndani ya gunia na miavuli mitano kwapani. Utingo alitaka kunitoza nauli ya mwavuli.

Kwanza nilikwenda uwanja wa ndege kumtafuta Mwangi, kijana wa bara, fundi wa injini. Alikishika mara moja tu akasema hii ni kofia ya rafadha, ile ya puani kabisa mwa ndege. Hata mimi nilikuwa karibu kusema hivyo. Kisha akakiinamisha kwenye mwanga, akakwaruza ukingo wa ndani kwa bisibisi, na chini ya masizi ikatokea namba na herufi tatu. Za Kiingereza, wazi kabisa. Akasema, "Hii ni ya Mwingereza, mzee. Ndege za manowari zilikuwa nyingi hapa."

Nilimshukuru. Nikampa mwavuli ili asitaje jambo hilo kwa mtu. Alisema hana mtu wa kumtajia, akachukua mwavuli.

Nilikaa chini ya ukuta nikafikiri. Mwangi amezaliwa juzi, wakati wa vita alikuwa akichunga mbuzi. Na Mjapani si mjinga. Mjapani anayetaka kuingia Kilindini bila kujulikana ataandika nini kwenye ndege yake? Ataandika Kiingereza. Kwa hiyo herufi zile zinathibitisha. Lakini Bwana Linton ni mzee na huenda asifuate hoja hii mpaka mwisho, basi nimenunua msasa. Sikufuta ushahidi. Nimeondoa utatanishi.

Kisha nikaenda kwa Wafula, bawabu wa matangi ya mafuta, aliyepigana Burma na ana nishani mbili. Nilimwonyesha maandishi. Alisema kwa uaminifu kwamba Wajapani aliowaona walikuwa mbali au wamekufa, na hakuna hata mmoja aliyemwandikia barua. Nikamfungulia mwavuli. Akaushika, akakaa chini yake, kivuli kikamfaa. Baada ya muda alisema kulikuwa na kasha la mchele wa Mjapani kando ya mto, na juu yake palikuwa na kitu cha namna ya mwezi. Nikauliza nukta. Akasema nukta zilikuwepo. Nikauliza ngapi. Akaniuliza mimi nataka ngapi.

Atakuja Jumamosi na nishani zake. Mwavuli ni wake.

Jumatatu, 8 Februari.

Nimekwenda Mtongwe, ukweni. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi kwa chini ya sufuria ya moto, kwa hiyo ina alama ya duara mgongoni. Nilitembea nikiwageuzia watu uso tu.

Desturi ni desturi. Mkwe hapiti jikoni wala hakodoi macho uani. Nilibisha hodi, nikaketi kwenye kibao cha nje, Bi Mwanakheri akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia. Nilimwamkia shikamoo mama. Marahaba yake ilichukua muda kufika. Ndani kulikuwa na kelele za masufuria: Shaabani hii kila siku arusi, watu wanawahi kabla ya Ramadhani. Alisema Jumapili ya tarehe ishirini na moja kuna arusi ya binti wa nduguye huko ng'ambo, pilau ya watu mia tatu, na mpaka leo hajapata kifuniko cha kushika makaa. Vifuniko vya dukani ni bapa, makaa yanaporomoka na jivu linaingia kwenye wali. Kile cha marehemu mumewe kilikuwa kikigeuzwa mdomo juu, makaa yakakaa ndani kama yako nyumbani kwao. Akamalizia kwamba Mungu atamlipa Ngowa.

Nilisema amin. Ningesema nini?

Nikamwambia nina jambo kubwa Jumamosi kwa Bwana Linton, na ningependa yeye na Mwanatabu wafike. Akauliza jambo gani. Nikasema ni la kivita na siwezi kulieleza. Halafu nikasikia mtu akikohoa ndani, kikohozi kidogo, mara moja. Nakijua kikohozi kile. Ni cha kuzuia kicheko.

Nilitaka kuita jina lake. Nimekaa naye miaka kumi na mitatu na nyumba imekuwa kubwa bure. Lakini nilijua nikiita ataniuliza swali, na swali hilo silipendi. Afadhali nimletee cherehani kwanza, maneno baadaye. Bi Mwanakheri alisema watakuja, inshallah.

Ijumaa, 12 Februari.

Baada ya sala nilimkuta Ngowa kwenye kibanda cha kahawa. Barazani wote wanazungumza mkutano wa London, nani kasema nini, uhuru mwaka huu au mwakani. Nikawaambia kesho kuna jambo karibu zaidi. Nikamwalika Ngowa mbele ya watu. Nilitaka awepo akione kile alichokiita kifuniko kikibadilishwa kwa cherehani. Alisema kesho hana zamu, atakuja.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya makasha ya miavuli. Hayakupinga.

Jumamosi, 13 Februari.

Sijui nianzie wapi. Nitaanza na hali ya hewa. Jua kali, hapana wingu.

Wafula alifika na nishani zake, chini ya mwavuli. Lewa alifika na miavuli miwili, mmoja wazi na mmoja kwapani. Bwana Linton aliwatazama, akaniuliza kama mashahidi wangu ni wa chama kimoja. Ngowa alikaa kwenye ngazi. Bi Mwanakheri na Mwanatabu waliketi kwenye viti pembeni, buibui zao zimewafunika. Nilimwona Mwanatabu macho tu. Yalikuwa macho mazuri kama nilivyoyaacha.

Nikazungumza. Nieleze bila kujisifu: nilizungumza vizuri. Moto wa angani, tundu la risasi, kiraka cha haraka, maandishi. Lewa alionyesha kidole upande wa mwamba. Wafula alitoa ushahidi wa kasha la mchele, akaongeza nukta moja, nikamkoholea, akaipunguza. Bwana Linton alichukua kioo cha kukuzia, akautazama mwezi na nukta zake kwa muda mrefu. Alisema miaka miwili alitazama bahari na labda alitazama upande usio wake. Akamwita mpishi wake alete cherehani. Ikaletwa, ikawekwa mezani na kitambaa chake cha maua. Mwanatabu aliitazama, kisha akanitazama mimi. Mwaka huu sijapata raha kama ile.

Ndipo Bi Mwanakheri akaomba akishike kile kitu.

Alikipakata. Akakigeuza mdomo juu. Akapitisha kidole kwenye kiraka, kisha kwenye ule weusi wa ndani, kisha ukingoni, pole pole, nukta moja, nukta ya pili, nukta ya tatu.

"Hichi ni kifuniko changu," alisema.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alieleza kama mtu anayemsimulia mjukuu. Marehemu mumewe, Mzee Mwinyihaji, alikuwa kibarua wa manowari huko Port Reitz wakati wa vita. Ndege moja mbovu ya Mwingereza ilivunjwavunjwa pale, wala haikupigwa na mtu, ilichoka tu. Akaomba pua yake. Akampelekea fundi wa bati azibe tundu la kitakoni. Weusi ni makaa ya pilau za watu wengi, wengine wamekufa na wengine wana wajukuu. Na mwezi na nukta tatu alivichoma yeye mwenyewe Bi Mwanakheri kwa msumari, maana vyombo vya arusi huazimwa nyumba arobaini, na kila nyumba ina alama yake ili kila chombo kijue njia ya kwao. Mwezi ni jina la mamake. Nukta ni mabinti zake watatu. Ya mwisho ni Mwanatabu.

Wafula alifunga mwavuli wake.

Bwana Linton, kwa heshima zake, hakucheka. Alichukua karatasi akaandika yote, pamoja na jina la marehemu. Akasema barazani pale hakuna kitu ambacho asili yake imejulikana kwa ukamilifu kama hiki. Akauliza jambo moja tu lililobaki: kifuniko kilitokaje jikoni mpaka kikafika mwambani? Bi Mwanakheri alisema hilo ndilo ameliuliza miaka kumi na miwili, na akamtazama Ngowa. Wote tukamtazama Ngowa. Ngowa alitazama miguu yake.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nimeipima baadaye, ilikuwa nafasi pana sana. Lakini Bwana Linton aliuliza tena kama bati linaweza kusafiri majini, na Wafula akadakia kwamba haliwezi, lingezama palepale. Wafula! Mtu wa Burma, mtu wa matangi, anafundisha watu bahari ya Likoni, na mwavuli wangu mkononi! Sikuweza kuacha uongo upite juu ya jambo ninalolijua kuliko wote.

Nikaeleza. Chombo cha namna ile, nilisema, kikiteleza kutoka kwenye ubao wa feri kikaangukia kitako, mdomo juu, hakizami. Hukaa kama mashua. Maji yakiwa yanakupwa, yatakivuta nje ya mlango wa bandari, kipite mkono wa kulia, kielekee mwambani, na mtu mwenye macho mazuri ataendelea kukiona kiking'aa mpaka kwenye kona. Nikaonyesha kwa mkono. Nikasema mimi mwenyewe nilikitazama mpaka kikapotea.

Wote wakanigeukia. Nilidhani wanastaajabia maarifa.

Mwanatabu akaniuliza nilikitazama nikiwa wapi. Nikasema kwenye feri. Akauliza mikononi nilikuwa na nini. Nikasema sikuwa na kitu, maana kilikuwa kimeshaanguka.

Ngowa aliinua kichwa. Alisema, "Kilielea."

Sikumbuki mpangilio wa mambo baada ya hapo. Nakumbuka Bi Mwanakheri aliinuka, akamwendea Ngowa, akamwambia "Hujambo, mwanangu," na Ngowa akainuka kutoka ngazini. Nilitazama baharini. Niliona aibu, naandika hivyo kwa kuwa hakuna mtu anayesoma daftari hili.

Na nakumbuka cherehani. Mwanatabu aliifunua kitambaa. Imeshika kutu yote, gurudumu halizunguki, kazi ya upepo wa chumvi. Kumbe siku kumi nilipigania jiwe. Aliomba mafuta ya taa kidogo na unyoya wa kuku. Akapaka hapa, akapaka pale, akangoja, akazungusha kwa kidole. Gurudumu likazunguka. Bwana Linton alisema hajasikia sauti ile tangu mkewe afariki. Akageuza uso kidogo. Mwanatabu alimwambia mapazia yake yamechanika, yeye anaweza kumshonea mapya, na cherehani iwe ndiyo ujira. Bwana Linton akakubali. Haikuchukua dakika mbili, wala hakutajwa Mjapani.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Nimezitoa majini sufuria tatu zilizolowekwa, nikazipindua. Mwezi na nukta tatu. Nimepindua sinia. Mwezi na nukta tatu. Birika, kikaango, hata mwiko wa bati. Miaka kumi na mitatu nimekula juu ya alama ile.

Jumapili, 14 Februari.

Hukumu imetoka Mtongwe. Niende gatini, watu wakiwa wamejaa, nimtake radhi Ngowa kwa sauti.

Nimekwenda. Nilianza na maelezo ya maji kukupwa ili watu waelewe chanzo. Mama mmoja mwenye kuku aliniambia niseme lililonileta, feri inaondoka. Nikasema. Nilisema Ngowa hakuchukua kifuniko, kiliniponyoka mimi, nikaogopa mkwe, nikamtupia yeye. Nilidhani ni sentensi fupi. Ilikuwa ndefu sana kutoka kinywani.

Ngowa aliendelea kukunja kamba. Mwishowe alisema yamekwisha, jirani. Kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia: katika miaka yote ile kilichomuuma si wizi, ni kuchekwa kwamba kilielea, maana kilielea. Nikampa mwavuli. Aliniuliza wa nini.

Jumanne, 16 Februari.

Amerudi! Mwanatabu amerudi. Cherehani iko dirishani, mapazia ya Bwana Linton yametanda nyumba nzima, na chai ya leo ilikuwa chai.

Nilimwuliza kwa nini amerudi, ilhali sikuleta chochote. Alisema hakuwahi kuondoka kwa sababu ya cherehani. Aliondoka kwa sababu ya yule fundi wa wiki tatu. Alisema yeye haombi makubwa: kitu kikipotea, niseme kimepotea. Kikiuzwa, niseme kimeuzwa. Siku ile ile, kwa maneno machache, bila mtu wa tatu ndani yake.

Nimemwahidi. Nimeahidi kwa moyo wote na nimeliandika hapa na kulipigia mstari. Sitasahau.

Jumapili, 21 Februari. Gatini, Likoni.

Naandika nimekaa juu ya kasha.

Arusi imepita vizuri. Pilau iliiva juu na chini, hakuna jivu hata punje, na kila aliyeuliza habari ya kifuniko alisimuliwa kisa chote mpaka mwisho, pamoja na jina langu. Wakati wa kurudi Bi Mwanakheri aliagiza kwamba kifuniko nikibebe mimi, mkononi, hadi mlangoni kwake. Wanawake na vyombo vingine watafuata kwa feri inayokuja. Alisema hivyo mbele ya watu wote wa arusi. Ulikuwa mtihani, na nilifurahi, kwa kuwa nilijua nitafaulu.

Nilikuwa na kasha moja la miavuli, kwa sababu mtu hajui. Na katikati ya mkondo, wallahi, tone! Kisha jingine. Manyunyu, ya kwanza tangu mwaka jana! Abiria wakatazama juu. Nikaweka kifuniko kwenye ubao kwa dakika moja tu, mdomo juu, kisiteleze. Nimeuza miavuli kumi na tisa kabla ya gati. Wa ishirini alikuwa akitafuta mfukoni, feri ikafika, akashuka, nikamfuata na kasha, akalipa, nikageuka.

Feri imeondoka. Kifuniko kimo ndani yake, kinarudi ng'ambo. Na ng'ambo, kwenye gati, wamesimama Bi Mwanakheri na Mwanatabu na nusu ya arusi.

Manyunyu yamekatika. Naona vizuri. Naona mtu amekiinua kutoka ubaoni kabla hakijaanguka, amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ni Ngowa. Anapunga mkono upande wangu, nadhani anasema nisiwe na wasiwasi.

Nina dakika kumi za kufikiri nitakalosema wakifika. Lakini kadiri ninavyolitazama jambo hili, naona halihitaji kufikiriwa sana. Miaka kumi na miwili nilisema kifuniko anacho Ngowa. Leo anacho, na mashahidi wapo ishirini, kila mmoja na mwavuli wake.